Vigae vya Dexios

Troizeni, siku ya nne ya mwezi wa Munikioni, mwaka wa saba tangu vita vya Marathoni

Kwa Onetor mfinyanzi, ndugu yangu wa kunyonya,

Salamu. Sijawahi kukuandikia barua. Miaka sitini tumeishi tukitenganishwa na ukuta mmoja. Nilipokutaka nilikuita juu ya ukuta, nawe ukanijibu upuuzi wako hukohuko. Sasa kati yetu kuna bahari na sauti yangu haifiki.

Nimefika salama, ikiwa mtu aliyefukuzwa anaweza kusema hivyo. Sheria ilinipa siku kumi za kufunga mizigo na miaka kumi ya kukaa nje. Shamba langu halikuguswa. Nyumba haikuguswa, na mke wangu Timarete na mwanangu Lysis wamebaki humo. Sikushtakiwa kwa kosa lolote. Hakuna aliyesimama akaniambia, Dexios, umefanya hili. Watu elfu sita na zaidi walipita sokoni, kila mmoja na kigae chake chenye jina la mtu anayetaka aondoke Athene, na jina langu likazidi. Nilimzidi aliyenifuata kwa vigae themanini tu. Nina miaka sitini na mmoja. Nitakaporuhusiwa kurudi nitakuwa na sabini na mmoja, kama nitarudi kwa miguu yangu.

Kuna jambo moja limenikaa kooni kama mwiba. Walipokwisha kuhesabu waliyamwaga magae yote shimoni nyuma ya soko. Lysis alishuka akaokota kapu zima, nikaja nalo. Ninavyo hapa mezani, vigae mia mbili na kumi na moja. Vingine ni vya mikono mbalimbali. Lakini mia moja na sabini ni vitako vya vikombe vilivyoharibikia jokoni, na vyote vimeandikwa na mkono mmoja. Kwenye tisa amechorwa mtu mwenye ndevu kama zangu, amevaa suruali na kofia ya Mwajemi. Chini yake: Dexios Mwajemi, atoke.

Mimi Mwajemi! Mimi niliyesimama Marathoni mpaka Waajemi wakarudi melini mwao, nikarudi nyumbani na ncha ya mshale wao pajani!

Hesabu mwenyewe. Mia na sabini vya mkono mmoja, na nilishindwa kwa themanini. Aliyenifukuza si mji. Ni mtu mmoja, na vitako vile vimetoka kwa mfinyanzi. Wewe unaishi kati ya wafinyanzi, unajua joko la kila mtu na moshi wake. Nitafutie mtu huyo. Mama yako alininyonyesha mimi na wewe kwa zamu. Sina mwingine wa kumwomba.

Dexios

*

Athene, mtaa wa wafinyanzi, siku ya kumi na mbili ya Thargelioni, mwaka uleule

Kwa Mheshimiwa Dexios, mkaazi wa Troizeni, mla tini za watu,

Ndugu yangu, barua yako niliipata kwa muuza dagaa. Imenuka dagaa kiasi kwamba paka wa mtaa mzima wamenisindikiza mpaka mlangoni. Nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa kidole, mara ya pili kwa machozi. Ya machozi naongopa. Ila kidole kimechoka kweli.

Nivumilie mwandiko. Unaijua elimu yangu. Wewe ulikaa ndani ukipigwa fimbo na mwalimu, mimi nilikaa nje dirishani nikingoja kukubebea ubao wako, nikawa naiba herufi moja moja kama mtoto anayeiba zabibu. Nyingine niliziiba zikiwa bado mbichi.

Nyumbani kwako wote wazima. Timarete anawatukana watu elfu sita, kwanza kwa jumla, halafu mmoja mmoja. Jana amefika mtu wa mia tatu na kitu. Nikamwambia, "Mama, ukifika kwangu nibishie hodi kwanza." Akanirushia kitunguu. Lysis hasemi. Anakaa uani anavipanga vigae vingine alivyoviokota shimoni kama mtu anayecheza bao peke yake. Mimi sipendi kumwona hivyo.

Sasa nikuambie kuhusu siku ile, usije ukafa kwa hasira ukiwa ugenini, maana kaburi la ugenini ni ghali kutembelewa. Watu hawakukuchukia. Nusu yao hata hawakujui. Kulikuwa na upepo, kila mtu alitaka atupe kigae chake akanywe. Nilimsikia mkulima mmoja wa vitunguu akimwambia mtu aliyekuwa akiwaandikia wasiojua kuandika:

"Mzee, niandikie na mimi."

"Nikuandikie nani?"

"Yeyote. Wewe unamwona nani?"

Basi huo ndio utawala wa watu, ndugu yangu. Babu zetu walitawaliwa na mwenye kiti. Sisi tunatawaliwa na mwenye haraka. Usiutafutie sababu.

Kuhusu vitako. Hapa mtaani kila mtu ana vitako vibovu, lakini mwenye vingi kuliko wote ni Strimon, yule Mthrake wa ng'ambo ya njia yangu. Joko lake linamwunguzia nusu ya kila mpiko. Na kuchora anajua. Labda ni yeye. Nasema labda. Mwenyewe ni mgeni, hana kura, lakini asiye na kura hakukatazwa mkono. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Huenda huyu alishiba akaamua kuandikia.

Usiwaze sana. Kula tini.

Onetor

*

Troizeni, siku ya kwanza ya Hekatombaioni

Kwa Onetor,

Barua yako imefika. Nimeikunjua mezani, kando ya vigae, nimeisoma polepole kuliko ulivyoiandika.

Nimemwandikia Lysis jina ulilonipa.

Hapa jua ni kali na watu ni wapole. Wananiita "mgeni wetu" na hawaniulizi chochote, jambo ambalo huchosha kuliko maswali. Kila asubuhi napanda mlimani mahali ambapo hali ikiwa shwari mtu huona upande wa kwetu.

Uniandikie tena. Andika kwa mkono wako mwenyewe, usimwagize mtu. Nimeanza kuuzoea.

Dexios

*

Athene, siku ya ishirini ya Metageitnioni

Dexios,

Nilisema labda! Neno hilo hukuliona? Au lilifunikwa na dagaa?

Jana mchana Lysis alikuja mtaani na wenzake wanne. Walitoka karamuni, mashada ya maua bado vichwani. Strimon alikuwa anapika vikombe, joko limewaka moto wake wote. Walianza na rafu za vikombe vibichi, wakaziangusha. Halafu wakaupiga teke mlango wa joko. Unajua joko likifunguliwa katikati ya moto linafanya nini? Linalia. Vikombe vyote ndani vilipasuka kama njugu. Miezi miwili ya kazi.

Mimi nilikuwa mlangoni kwangu. Nilisikia yote.

"Andika sasa, we mshenzi! Andika Dexios!"

"Niandike nini, mabwana?"

"Eti aandike nini! Sikieni!"

"Mabwana, mimi nachora ndege. Nachora farasi. Mkitaka farasi..."

Wakaushika mkono wake wa kulia, wakauweka juu ya gurudumu lake, Lysis akachukua ile nyundo ya mti tunayovunjia udongo mkavu. Alipiga mara tatu. Mara ya kwanza alifumba macho. Ya pili na ya tatu hakufumba. Kisha wakaondoka wakiimba, na mmoja wao akarudi kuchukua shada lake lililoanguka. Akaniamkia kwa heshima, "Shikamoo, mzee Onetor." Nami nikaitika.

Leo ndiyo nimegundua kwamba Strimon hajui hata herufi moja. Jina lake mwenyewe hulichora kama wadudu watatu wanaofuatana.

Mganga amesema vidole havitakunja tena. Sasa sikiliza sheria yetu nzuri. Mgeni hawezi kushtaki bila mdhamini mwenye uraia, na mdhamini wake alikufa mwaka jana. Basi nimejiandikisha mimi. Amenibusu magoti, Dexios. Ananiita bwana wangu mwema. Kwa hiyo akitaka kumshtaki mwanao, ni mimi wa kusimama naye mbele ya hakimu na kuapa ninayoyajua. Nimemshauri aache. Nimemwambia watu wakubwa wana ndugu wengi mahakamani.

Akasema, "Lakini siku nilipofika uliniambia hapa watu wote ni sawa."

Nikamwambia, "Wote wenye kura."

Akauliza kama nina kazi yoyote isiyohitaji mikono. Nimempa kunikanyagia udongo. Anakanyaga vizuri. Joko lake lilikuwa baya, lakini miguu yake haina kasoro.

Mwambie mwanao atosheke. Na wewe nikuulize: umewahi kufikiri kwamba huyo aliyeandika huenda alikuwa akitania tu?

Onetor

*

Athene, siku ya sita ya Munikioni, mwaka wa kumi tangu Marathoni

Ndugu yangu Dexios,

Huu ni mwaka wa tatu. Nimekuandikia barua saba tangu ile ya nyundo, hukujibu hata moja. Ya sita nilikutukana makusudi, nikasema hii atajibu, hukujibu. Mwenye dagaa ameapa kwamba anakukabidhi mkononi na kwamba unasoma ukiwa umesimama.

Hii utaijibu. Baraza limepitisha jana: wote waliofukuzwa kwa vigae warudi. Mfalme wa Waajemi amefunga daraja juu ya bahari kama mtu anayefunga kamba ya kuanikia nguo, na anakuja na watu wasiohesabika, basi ghafla tumewakumbuka waliokuwa wanajua kupigana. Asiyerudi kabla meli hazijaingia vitani hatakuwa na mji tena. Watu walipiga makofi. Ni walewale. Mkulima wa vitunguu alikuwa amekaa mbele yangu, alipiga makofi mpaka kofia ikamdondoka.

Timarete ameanza kufagia chumba chako. Nami nimeona utarudi, utaingia uani kwangu, utanikumbatia mbele ya Strimon. Siwezi hilo. Nimekaa na huyu mtu miaka mitatu. Mkate tunagawana, yeye anakata vipande viwili kwa mkono wa kushoto na kikubwa ananisukumia mimi. Kila siku, Dexios. Kikubwa kwangu.

Ni mimi.

Nimekaa na neno hilo karatasini kitambo, linanitazama. Ni mimi niliyeandika. Vitako ni vyangu, mkono ni wangu, suruali ni zangu. Mkulima wa vitunguu aliniuliza mimi. "Yeyote, wewe unamwona nani?" Nikamwambia, "Mwandike Dexios, ana viatu vya Kiajemi." Vile ulivyookota Marathoni ukawa unavaa uani. Akacheka. Wa nyuma yake akacheka. "Na mimi huyohuyo, mzee." Cha kwanza kilikuwa mzaha. Cha kumi kilikuwa mzaha. Nilipofika cha hamsini foleni ilifika kisimani. "Mzee Onetor, mchore na suruali!" Nikachora. Sijawahi kuheshimiwa hivyo maishani mwangu, haki ya Zeus. Watu wazima wamesimama juani wakinisubiri mimi.

Nilidhani hawatafika elfu sita. Mwaka uliotangulia hawakufika, kura ikatupwa. Nilikuwa nimeweka kigae kimoja chenye suruali mfukoni, nikuletee ukutani jioni, ucheke, unipige nacho. Mpiga mbiu akasoma hesabu. Kigae kile nilikitupa kisimani, nikaja kukusaidia kufunga mizigo.

Utauliza kwa nini jina lako, Athene nzima ina majina. Nitakwambia, maana hapa ndipo mzaha unapokwisha. Siku ya harusi ya Lysis uliniweka mlangoni, pamoja na wapiga filimbi. Ukapita na wageni wako, ukanigusa bega, ukawaambia, "Huyu mama yake alininyonyesha." Wakanitazama kama watu wanavyomtazama mbuzi wa maziwa. Halafu ukapita. Sokoni, siku moja kwa mwaka, kigae changu ni sawa na chako. Nikataka kuona kinavyokata.

Na Strimon: nilijua hajui kuandika. Nilijua nilipokuandikia jina lake. Nilimchagua kwa sababu alikuwa mgeni na alikuwa karibu, nikadhani uko mbali mno kumfikia. Nilisahau una mtoto.

Rudi au usirudi, lakini usiniamkie kama ndugu.

Onetor

*

Troizeni, siku ya ishirini na tano ya Metageitnioni, mwaka wa kumi

Kwa Onetor,

Barua yako nimeikalia miezi minne. Leo najibu kwa sababu Athene nzima imenifuata huku.

Walianza kushuka bandarini siku nne zilizopita. Wanawake, vikongwe, watoto, mbuzi, magodoro. Mji umehamishwa. Watu wa Troizeni wamepitisha kwamba watoto wetu wachume matunda popote watakapo bila kukemewa, na nimewaona wakichuma kwa woga, mmoja mmoja, wakitazama nyuma. Walionifukuza wamewaleta wake zao walale penye kufukuzwa kwangu. Mwanamke mmoja aliniuliza, "Mzee, wewe umekuja na meli ipi?" Nikamwambia, ya kwanza.

Timarete yupo. Amenyauka, na ulimi bado mzima. Ameniambia kwamba Mthrake wako ndiye aliyembebea sanduku mpaka melini, akilikumbatia kwa kiwiko. Alimshukuru. Hakujua amshukuru kwa jina gani, maana nyumbani kwangu jina lake halikutajwa tena tangu siku ile.

Unadhani umeniambia jambo jipya. Nilijua tangu barua yako ya kwanza. Niliikunjua kando ya vigae, nikaona herufi ya mwisho ya jina langu imelala ubavu, karatasini kama ilivyolala kigaeni. Hata kosa hilo si lako. Mimi ndiye niliyeiandika hivyo utotoni, ukaiiba na ulemavu wake.

Basi utauliza kwa nini nilimwandikia Lysis jina la mwingine. Nimejiuliza mimi pia, kila asubuhi mlimani. Nilitaka mkono uvunjwe, Onetor. Nilikuwa na hasira inayotosha mkono mmoja. Wako nisingeweza, tulinyonya pamoja. Ukanipa wa mtu mwingine, ukaniambia labda, nami nikaupokea nikijua. Nilipopata barua yako ya nyundo nililala vizuri. Siku mbili nililala vizuri. Tangu hapo sikuweza kukujibu.

Sasa wananiita. Tangazo linasema tumesamehewa. Nimesamehewa nini? Sirudi nikiwa Mwajemi aliyesamehewa. Afadhali nife ugenini bila mji kuliko kusimama kwenye mstari na mtu nyuma yangu anauangalia mgongo wangu kuona utaelekea wapi.

Nataka kitu kimoja. Simama barazani, wakikutana popote watakapokutana, useme ulichofanya. Useme Dexios hakuwa Mwajemi, ulikuwa mzaha wako. La Mthrake liseme ukiona lazima. La Lysis liache. Yuko melini, ana mke, ana miaka mbele yake. Ukishasema, na wakasikia, niletee neno na mashua ileile, nitapanda. Usiposema, sitapanda.

Dexios

*

Salamisi, siku ya kumi na saba ya Boedromioni

Dexios,

Nimesema.

Meli ziko karibu kupigana, basi nitaandika haraka, usinicheke herufi. Tumejazana kisiwani huku kama mizeituni kwenye mtungi. Mjini kunafuka moshi tangu juzi. Ule mrefu mweusi wa kulia watu wanasema ni mtaa wetu, kuni za majoko zinawaka. Waajemi wametuwashia majoko yote kwa pamoja.

Baraza lilikuwa jana asubuhi, ufukweni juu ya kokoto. Walivuta kamba kuzunguka raia, na wageni wakasimama nje ya kamba. Strimon alikuwa nje, kama siku zote. Mpiga mbiu akapaza sauti, "Nani kati ya waliopita miaka hamsini anataka kusema?" Nikanyanyuka. Wakatulia. Walidhani nimepata wazo la vita, masikini.

Nikasema, "Mimi ni Onetor mfinyanzi. Mnanijua."

"Tunakujua!" Na tayari nikaona midomo inaanza.

"Ni mimi niliyemfukuza Dexios."

"Kwa fimbo gani, mzee?"

"Kwa vigae. Niliviandika mimi, mia mbili na zaidi. Dexios hakuwa Mwajemi. Suruali nilimvika mimi."

"Ulimvika wewe! Alisimama wima au ulimlaza?"

Hapo wakaanguka. Nikapaza sauti juu ya vicheko vyao, nikasema na lile uliloniambia niliache, maana nilimwona Strimon ng'ambo ya kamba. "Na Strimon huyu hapa hakuandika kitu! Hajui kuandika! Lysis mwana wa Dexios alimvunja mkono kwa sababu mimi nilisema uongo!" Nililisema kwa machozi, Dexios. Sikuwa naongopa safari hii. Lakini ukishakuwa mtu wa mzaha miaka sitini, hata machozi yako watu wanayangojea mwisho wake wacheke.

Mmoja akapiga kelele, "Mzee, mwandikie na Mfalme kigae! Tumfukuze miaka kumi!"

"Mchore na suruali!"

"Anayo tayari!"

Watu ambao hawajala siku mbili, ambao nyumba zao zinaungua mbele ya macho yao, walishikana mabega wakicheka. Nilimtafuta Lysis. Alikuwa amekunja uso kama ngumi. Halafu wenzake wakamgeukia, wakamtazama, akacheka na yeye. Mpiga mbiu alifuta macho kwa joho lake, akasema, "Kaa, mzee wangu. Umetutoa hofu. Nani anataka kusema neno la maana?"

Na nikukirie hili, kwa sababu sasa nimezoea kukiri. Kabla sijakaa nilicheka. Kilinitoka. Vichwa vyote vile vimeelekea kwangu, na ule utamu wa siku ya kisimani ukarudi, nikainama kidogo kama mpiga filimbi aliyepewa sarafu.

Baadaye nilizunguka mioto ya kupikia, nikawauliza watu mmoja mmoja, polepole, nikidhani kwa mmoja mmoja itaingia. "Unamkumbuka Dexios? Unakumbuka tulimfukuza kwa nini?" Wa kwanza akasema, "Dexios yupi, yule aliyekufa Marathoni?" Wa pili akasema uliiba mafuta ya hekalu. Wa tatu alisema, "Kwani tulimfukuza? Basi alikuwa na sababu." Nilifika wa kumi nikachoka. Ulinituma nilisafishe jina lako, ndugu yangu, nami nimekuta hapana pa kusugua. Wameshasahau. Hakuna atakayeuangalia mgongo wako. Hakuna atakayekuangalia kabisa.

Strimon alikuja akaniuliza walikuwa wanacheka nini, maana upepo ulikuwa upande mwingine na kamba ilikuwa mbali. Aliona nimemwonyesha kidole, akadhani ninamsifu. Nikamketisha nikamweleza yote, tangu mkulima wa vitunguu mpaka nyundo. Sikuweka mzaha hata mmoja. Ulinijia ulimini mara tatu hivi, nikaumeza.

Kisha akasema, "Miaka mitatu nilikuwa nakupa kipande kikubwa."

Nikasema, "Ndiyo."

Akasema, "Nitafutie mdhamini mwingine. Nikifa kesho, asije akawa wewe wa kunizika."

Akachukua blanketi lake akaenda kwa mabaharia. Kasia hawezi kulishika, vidole havikunji, kwa hiyo wamempa ndoo, awe anachota maji yanayoingia chini ya makasia. Wanapangwa kwa majina ya mitaa, na mtaa wake ni wangu, na mtaa wangu ni wako. Amepangiwa meli ya Lysis. Safari hii, hilo si mimi niliyelifanya.

Mashua ya barua hii inarudi hapa mara tu ikishakupa, na nahodha amesema ana nafasi ya mtu mmoja asiye na mzigo. Nililopewa kusema nimelisema. Wakasikia kwa namna yao. Sasa panda au usipande. Ukipanda, usije kwa ajili ya baraza, wala kwa ajili yangu. Mimi nitajiweka nyuma ya mawe nisikuone ukishuka. Nenda moja kwa moja kwenye meli ya mwanao, uinamishe kichwa, uangalie chini ya benchi. Utamwona anachota, kwa mkono wa kushoto, miguuni pa Lysis.

Onetor